Mechi Mia Saba Sabini na Saba za Shemeji Verlyn

Shemeji yangu Verlyn Aamodt alifundisha mpira wa kikapu katika Chuo cha Stavig, hapa kwetu Nordby, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kama yeye ni kocha mzuri au kocha mbovu. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Hesabu zenyewe ndizo zilizokataa kusema. Akishinda nne mfululizo, atafungwa nne mfululizo. Mwaka huu akipanda, mwakani ameshuka palepale. Wengine Mungu huwajalia kupaa na wengine huwaangusha wakajua moja, lakini Verlyn aliachwa akining'inia katikati.

Mimi naitwa Lorna. Mkewe, Darlys, ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika saa ya mechi, nimekaa kwenye meza ya pembeni ya uwanja, benchi la Verlyn likiwa hapa na kiti changu hapa, kwa hiyo kila alichobwata nilikisikia mimi kwanza na nusu yake kilikuwa kinanihusu. "Shemeji, hiyo saa inakimbia nini, imeiba?" Ndivyo alivyokuwa akinisalimu.

Kazi yenyewe aliipata kimasihara. Chuo kilikuwa kimeamua kuanzisha timu ya wasichana, na Verlyn alikuwa kijana anayefundisha huduma ya kwanza na kukata majani ya uwanjani. Mkuu wa chuo akamwita ofisini.

"Bwana Aamodt, unaujua mpira wa kikapu wa wasichana?"

"Naujua mpira wa kikapu."

"Una filimbi?"

"Ninayo."

"Basi hongera."

Mwaka wa kwanza walifungwa mechi tisa kabla ya kuonja ushindi. Wazee wanaokunywa kahawa ya asubuhi kwenye ghala la nafaka la ushirika walifurahi mno, maana walikuwa wamechoka kuzungumzia mvua. Pale ghalani kuna ubao mweusi ambapo Gaylord Moen, msimamizi, huandika bei ya mahindi na bei ya soya kila asubuhi. Mwaka huo akaongeza mstari wa tatu chini yake: mechi alizoshinda Verlyn na alizofungwa. Alianza kwa mzaha, lakini mzaha ukageuka desturi, na desturi ikakaa.

"Verlyn, soya imepanda senti sita," Gaylord humwambia akiingia. "Wewe je?"

"Mimi ni kama mahindi. Nangoja mvua."

"Ukingoja sana utaota ukungu, bwana."

Verlyn alikuwa akicheka nao, anakunywa kahawa yake, anaondoka. Lakini mimi namjua. Ule mstari wa tatu ulimkaa rohoni. Alifika mahali akawa anakumbuka maisha yake yote kwa rekodi, ushindi kwanza, kufungwa baadaye. Ukimwuliza mtoto wao Craig alizaliwa lini, atakwambia, "Ule mwaka wa kumi na nne kwa kumi na moja." Darlys alipofanyiwa upasuaji wa nyonga ilikuwa mwaka wa tisa kwa kumi na sita, na tulipomzika mama yetu ilikuwa mwaka wa kumi na mbili kwa kumi na tatu, na ile ya kumi na tatu hadi leo anasema refa aliwaibia. Kuna mechi moja aliyopoteza kwa sababu msichana wake mwenyewe alipata mpira, akasahau upande, akakimbia peke yake mpaka kwenye goli lao wenyewe na kufunga vizuri kabisa. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Verlyn hakucheka mpaka baada ya Pasaka.

Hasira zake zilikuwa za karibu, na hazikukaa. Siku moja alivua kiatu akakirusha, kikaangukia kikombe cha kahawa cha mke wa mchungaji, na ligi ikamfungia mechi mbili. Tangu siku hiyo alifundisha akiwa na soksi tupu, viatu ameviacha chini ya benchi la nyuma kabisa, ili asiwe na cha kurusha. Wageni walidhani ni heshima kwa sakafu. Na sakafu kweli aliiheshimu, kwa maana ndiye aliyekuwa akiifagia, akiipiga msasa na kuipaka rangi kila Agosti. Mtu aliyeingia na viatu vya nje kwenye ile sakafu alikuwa anaitafuta ajali.

Darlys hakuwahi kukosa mechi hata moja. Alikuwa jikoni. Jiko la ukumbi lina dirisha la kuuzia, na hapo dada yangu aliuza mikate ya nyama ya kusaga, pai na kahawa tangu msimu wa kwanza. Tatizo ni kwamba lile dirisha linaonyesha goli moja tu. Kwa hiyo Darlys ameona nusu ya kila mechi ya mumewe, na nusu nyingine ameisikia kwa makelele. Hajawahi kulalamika. Kulalamika ni kazi yangu mimi katika familia yetu.

Sasa, baridi ya kwetu haina mchezo. Kuanzia Novemba ardhi ni jiwe, na ikifika Februari hata chumvi tunayomwaga barabarani inakata tamaa. Darlys alianza kuugua baridi yabisi. Ilianzia vidoleni, ikahamia magotini, na daktari akamwambia wazi kwamba dawa yake halisi ni kuhamia mahali pakavu penye jua. Craig yuko Arizona, ana kiwanja kikubwa nyuma ya nyumba. Wakanunua karavani ya mtumba, ikawekwa ghalani kwa jirani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Verlyn.

"Siwezi kuondoka nikiwa chini," alimwambia. Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma, na mimi nilikuwa mezani kwao, nakula. "Nipe mwaka mmoja. Nikivuka sare, ushindi ukazidi kufungwa hata kama ni kwa mechi moja, siku hiyohiyo naacha kazi, tunafunga karavani, tunaondoka. Nakuapia."

"Na usipovuka?" nikamwuliza.

"Shemeji, endelea kula."

Hakuvuka. Mwaka uliofuata alikuwa chini kwa tatu, halafu moja, halafu tano. Kila masika Darlys alikuwa akiitoa karavani vumbi, na kila vuli anaifunika tena turubai. Vidole vyake vikawa kama tangawizi. Alikuwa akishika kisu cha kukatia pai kwa mikono miwili, na akiniona namtazama, anageuka. Nilitaka kumpiga Verlyn na saa ya ukutani.

Ndipo ukaja ule msimu. Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Februari, mechi ya mwisho kabisa, na kwenye ubao wa Gaylord chini ya bei ya soya paliandikwa: ameshinda mia tatu themanini na nane, amefungwa mia tatu themanini na nane. Sare kamili. Wapinzani walikuwa Chuo cha Valborg, timu ya Duane Kittleson, rafiki yake Verlyn wa tangu ujana na mtu ambaye rekodi yake haijawahi kumnyima usingizi kwa sababu alishinda tu. Verlyn akishinda siku hiyo, Darlys anaenda juani. Akifungwa, ni baridi nyingine. Mji mzima ulijua.

Theluji ilianza Ijumaa mchana, ikapiga usiku kucha. Jumamosi barabara hazikuonekana. Marefa walikuwa wamelala mjini kwetu tangu jana yake, kwa hiyo walikuwepo. Mashabiki walikuja wale wa karibu, na wakulima wa mbali walikuja kwa matrekta, wakayapanga nje kama farasi. Saa nane, muda wa mechi, Valborg hawakuwepo. Saa nane na robo hawakuwepo. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia, lakini dhoruba ikivuma kwetu unabaki umeshika kipande cha plastiki tu.

Sheria ya ligi yetu ndogo ilikuwa hivi: wageni wakichelewa saa nzima, refa anaandika ushindi kwa wenyeji, na huo ni ushindi kamili, unahesabiwa kama mwingine wowote. Kocha mwenyeji peke yake ndiye anayeweza kukubali kuendelea kungoja. Na kuahirisha haikuwezekana, kwa sababu msimu ulikuwa unaisha jioni ileile. Refa mkuu, bwana mmoja mkavu anayeitwa Sandvig, alikaa karibu yangu na saa yake ya mfukoni. Verlyn alikuwa akitembea na soksi zake, huku na huku. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Saa nane na nusu nikaenda jikoni kuchukua kahawa. Simu ya ukutani ya jikoni ikalia. Darlys akaipokea, na sauti ya Kittleson ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia kutoka kwenye birika.

"Darlys! Duane hapa. Tuko mtaroni! Pale bondeni kwa akina Hegdahl. Hakuna aliyeumia, lakini basi limeinama upande na halitoki. Nimetembea mpaka kwa Hegdahl kupiga simu. Wasichana wako ndani ya basi, hita bado inafanya kazi. Mwambie Verlyn..."

Simu ikakatika. Darlys akabaki ameshika mkono wa simu, ananitazama. Nikaitazama saa. Kisha nikafunga lile dirisha la kuuzia.

"Darlys," nikasema, "hujasikia kitu."

"Lorna!"

"Nini? Hita inafanya kazi, amekwambia. Hawafi. Nusu saa tu, mdogo wangu. Saa tisa Sandvig anaandika, mumeo amevuka sare, halafu unatoka hapo unasema simu imelia sasa hivi. Tutawatoa, tutawapa chakula, na kesho unafunga mizigo."

"Na mimi nitamwambia nini Mungu?"

"Mwambie ni mimi."

Sijutii kumwambia vile, wala sitajuta. Nilikuwa naviona vidole vyake. Naye akaviangalia, akavigeuza upande wa pili, na nilimwona kabisa dada yangu akiifikiria Arizona, ukuta mweupe, kiti nje, jua la asubuhi magotini. Machozi yakamlenga. Akaurudisha ule mkono wa simu ukutani taratibu.

"Nitakaa kwenye jua," akasema, "na kila nikifumba macho nitaliona lile basi."

"Utazoea."

"Wewe ndiye ungezoea."

Akatoka. Alikuwa amevaa aproni na viatu vyake vikubwa vya theluji, vile vya manyoya vyenye maua ubavuni, na akaenda moja kwa moja katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu ajengewe jiko.

"Darlys, viatu!" Verlyn akapiga ukelele.

"Basi la Valborg liko mtaroni bondeni kwa Hegdahl!" Darlys akasema kwa sauti ya kuuzia pai. "Wasichana wako ndani na limeinama upande!"

Lazima uelewe watu wa huku. Sisi tunaweza kununiana miaka ishirini kwa sababu ya mpaka wa shamba, lakini wakati wa baridi gari la mtu likiingia mtaroni, unakwenda. Huulizi ni la nani. Hata kama ni la aliyekuibia mke, unamvuta kwanza, mengine mtayaongea barabarani. Kwa hiyo kabla Verlyn hajafumba mdomo, wasichana wake wote walikuwa wamesimama. Hawa ni mabinti wa wakulima. Wameendesha matrekta kabla ya kujua kusoma.

"La kwetu liko hapo nje na mnyororo umo," akasema Tonya Rud, nahodha, huku anavaa ovaroli ya baba yake juu ya jezi.

"Na la kwetu!"

"Nani ana koleo?"

Sandvig akasimama, akakohoa. "Kocha, mimi sheria yangu unaijua. Ikifika saa tisa na hawajaingia, naandika. Usipotaka, useme."

Verlyn alikaa kwenye benchi. Akaniangalia mimi, akaiangalia saa yangu, akawaangalia wasichana wake. Nimemjua yule mtu tangu akiwa na nywele, na sijawahi kumwona ameshikwa pabaya namna ile. Ilikuwa imebaki dakika ishirini na kitu awe kocha mshindi kwa maisha yake yote, na angeupata ushindi huo bila kutoa jasho.

"Kocha," Tonya akasema kutoka mlangoni, "unakuja au tukuache?"

Verlyn akainuka. "Sandvig, andika tunangoja," akasema, na sauti ilimtoka kama anang'olewa jino. Akatafuta viatu vyake, hakuvipata, maana mtu alikuwa amevisukuma chini kabisa ya viti. Darlys akavua vile vyake vya maua, akampa. Akavivaa.

"Hukuweza kuniita kando kwanza?" akamnong'oneza.

"Ningekuita kando, ungeniuliza ni saa ngapi."

Mimi sikwenda bondeni, nilibaki na saa yangu, lakini nimesimuliwa na kila mtu, na kila mtu anatia chumvi yake. Walikwenda na matrekta matatu. Walimkuta Kittleson amerudi kwenye basi, tai yake imeganda imekuwa kipande cha ubao, anajaribu kuchimba theluji kwa trei ya chakula.

"Verlyn!" akasema. "Wewe una wazimu? Ulikuwa na ushindi wa bure!"

"Nyamaza, Duane. Shika mnyororo."

"Na hivyo viatu?"

"Shika mnyororo nimekwambia!"

Wasichana wa Valborg walitaka kushuka wasaidie. Wetu wakakataa katakata. Wageni ni wageni, wakasema, mgeni hasukumi basi. Kaeni ndani, joto litatoka. Kwa hiyo Valborg walikaa kwenye viti vyao, wengine wakalala usingizi, huku wa kwetu wakichimba, wakifunga minyororo, wakisukuma mpaka theluji inawafika kiunoni. Basi likakubali kidogo, likarudi, likakubali tena. Verlyn naye alisukuma, na wanasema alikuwa akilitukana lile basi kwa maneno yaleyale anayowatukania marefa. Ilichukua zaidi ya saa moja. Liliposimama barabarani, Tonya alikaa palepale kwenye theluji akasema hahisi mapaja yake.

Walipofika ukumbini, dada yangu alikuwa ameshapanga meza. Aliwalisha wale Valborg kana kwamba wametoka vitani. Nikamwambia awajazie sahani, labda watashiba washindwe kukimbia. Walikula, wakashukuru kwa adabu, wakaomba pai tena, na hawakushindwa kukimbia hata kidogo.

Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Kwa dakika kumi hivi tulidhani tunaota. Wasichana wetu walicheza kwa moyo mtupu, wakaongoza kwa pointi nne, ukumbi ukawa patashika. Kisha miguu ikagoma. Unaona mtoto anataka kuruka na mwili haumsikii. Tonya akarusha mpira ambao haukufika hata kwenye ubao, akauangalia kama vile ni wa mtu mwingine. Valborg walikuwa wamepumzika, wameshiba, wana pai tumboni. Wakatufunga kwa raha zao.

Nilingoja Verlyn aanze kubwata. Hakubwata. Soksi zake zilikuwa zimelowa, zinaacha alama kwenye sakafu yake mwenyewe. Alikuwa anaita mapumziko hata pasipo na sababu, ili tu wakae chini, na wakikaa anawapa maji na hasemi chochote cha mpira. Tukiwa nyuma kwa kumi na tano, akainama kwangu.

"Shemeji, imebaki ngapi?"

"Dakika nne."

"Huwezi kuikimbiza kidogo?"

"Miaka yote umenitukana kwamba inakimbia, leo unataka ikimbie?"

"Angalia hao watoto, Lorna. Wamekufa."

Ikaisha. Sabini kwa hamsini na moja. Watu wakasimama wakapiga makofi marefu, Kittleson akamkumbatia Verlyn, na wasichana wa timu zote mbili wakaenda kujilaza sakafuni pamoja, kichwa cha huyu kwenye mguu wa yule. Gaylord Moen akashuka kutoka kwenye viti, akampiga Verlyn begani.

"Mia tatu themanini na nane kwa mia tatu themanini na tisa," akasema. "Moja tu chini! Mwakani unavuka, bwana. Mwakani hukosi."

"Mwakani," wakaitikia wengine, kwa nia njema kabisa, na mimi nilitamani kuwanyonga wote.

Nikazima saa, nikaenda jikoni moja kwa moja, damu inachemka. Darlys alikuwa anafuta trei. Alikuwa na soksi tu miguuni, maana viatu vyake alikuwa navyo mumewe. Nikafungua mdomo nimwambie nilivyomwambia saa nane na nusu, na hapo Verlyn akaingia, amevivaa tena vile viatu vya maua, na kufunga mlango.

"Tumefungwa kumi na tisa," akasema.

"Mimi nimeona tisa," Darlys akasema. "Zilizobaki zilikuwa upande ule."

Verlyn akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akaketi kwenye ndoo ya mafuta ya kukaangia iliyogeuzwa.

"Simu ilipolia, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Ungeweza kunyamaza."

"Lorna aliniambia ninyamaze."

"Shemeji ana akili."

"Asante," nikasema.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono ya mkewe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuitazama bila haraka.

"Mimi ningenyamaza, Darlys," akasema. "Nimelifikiria hilo tangu kule bondeni. Ningekuwa mimi nimeipokea ile simu, ningeirudisha ukutani, ningetoka nje, ningekaa kwenye benchi langu nikiangalia saa mpaka ifike tisa. Na watoto wa watu wako mtaroni. Ningefanya, najijua. Kwa ajili ya mechi moja." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Miaka sita nimekuacha kwenye baridi hii nikiitafuta mechi moja, na leo ulikuwa nayo mkononi mwako, ukaiacha ipite."

Darlys akaiweka trei mezani.

"Tuondoke," Verlyn akasema.

"Lini?"

"Barabara ikifunguliwa."

"Lakini uko chini kwa moja."

"Nitakuwa chini kwa moja kulekule kwenye jua."

Hapo dada yangu akalia. Alilia kwa sauti, uso wazi, hajifichi, na mimi nikalia pia ingawa nilikuwa nimekusudia kugombana. Verlyn alitaka kumkumbatia, akashindwa kupita kati ya meza na jiko, akabaki amenyoosha mikono tu, ndani ya viatu vya maua. Darlys akamtazama alivyo, akaanza kucheka katikati ya machozi, akafungua aproni na kumvika yeye shingoni.

"Basi mwaga hiyo kahawa iliyobaki," akamwambia, "na birika ulioshe vizuri, lina mashapo chini. Mimi naenda nyumbani kufunga mizigo kabla hujabadilisha mawazo. Na nirudishie viatu vyangu."

Akavivua. Dada yangu akavivaa, akanishika mkono, tukatoka kupitia uwanjani, na nyuma yetu kocha wa mechi mia saba sabini na saba alikuwa amekunja mikono ya shati, anasugua.